Pikipiki ikizimika njiani, anayelipa ni mkulima

Katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, safari ya mazao kutoka shambani hadi sokoni mara nyingi huanza juu ya pikipiki. Ndizi za Muriba na Nyamwaga, maziwa ya asubuhi, mahindi, kahawa na hata mbuzi wa mnadani hubebwa kwa pikipiki kwanza kabla ya kukutana na gari kwenye barabara kubwa iendayo Sirari au Musoma. Pembejeo nazo hurudi kwa njia hiyo hiyo: mfuko wa mbolea, mbegu, dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Hata mtaalamu wa kilimo humfikia mkulima kwa pikipiki. Miaka ya nyuma maafisa ugani na watumishi wa miradi walipanda zile pikipiki ndefu za porini, Honda XL na Yamaha DT. Mwaka 2022 Serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani nchini kote. Nazo bodaboda, jina lililozaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda enzi za baiskeli, zimeingia hadi vitongoji ambavyo gari huonekana siku ya msiba au ya harusi tu.

Kwa hiyo pikipiki inapozimika katikati ya mlima, tatizo si la mwendeshaji peke yake. Ni tatizo la soko. Makala haya yanaeleza kwa lugha nyepesi jinsi ya kutambua hitilafu za mfumo wa mafuta, ambazo ni miongoni mwa sababu za kawaida za pikipiki kuzimika hovyo, na jinsi ya kuzirekebisha bila kutupa fedha kwenye vipuri visivyohitajika.

Hesabu ya kuzimika

Tuchukue mfano. Tuseme mwendeshaji anakusanya lita 40 za maziwa kijijini na kuyapeleka Tarime mjini, na lita moja inauzwa Sh1,000. Mzigo wake una thamani ya Sh40,000, na nauli yake ni Sh8,000. Pikipiki inaanza kukatakata kwenye kilima, inazimika, inawaka, inazimika tena. Saa mbili zinapita juani.

Maziwa mabichi yasiyopozwa hayasubiri. Kwenye joto, vijidudu vinavyochachusha maziwa vinaweza kuongezeka maradufu kila baada ya takriban nusu saa. Yakifika kwa mnunuzi hupimwa, na yakishindwa kipimo hurudishwa. Hapo Sh40,000 za maziwa na Sh8,000 za nauli zimepotea, jumla Sh48,000. Likitokea hilo mara mbili kwa mwezi ni Sh96,000. Kisha tuseme mwendeshaji anashauriwa kununua kabureta mpya, anatoa Sh50,000 pamoja na ufundi, na bado pikipiki inazimika kwa sababu kabureta haikuwa na kosa. Jumla inafika Sh146,000. Kwa mwendeshaji anayepeleka hesabu ya Sh10,000 kwa siku, hiyo ni karibu hesabu ya wiki mbili.

Jambo la kuangalia hapa ni kwamba hasara hiyo haimwangukii mtu mmoja. Maziwa yaliyokataliwa mara nyingi ni hasara ya mfugaji. Nauli ni hasara ya mwendeshaji. Mwenye pikipiki anadai hesabu yake kama kawaida. Kwa maneno mengine, mfugaji analipia uchafu ulio ndani ya tangi ambalo hajawahi kulifungua. Ndiyo maana somo hili linamhusu hata asiyejua kuendesha.

Mafuta yanavyosafiri

Pikipiki nyingi zinazofanya kazi vijijini bado zinatumia kabureta. Mfumo wake hauna mambo mengi. Petroli hutoka kwenye tangi kwa uzito wake yenyewe, hupita kwenye chujio dogo lililo ndani ya koki, hushuka kwenye mpira wa mafuta na kuingia kwenye kikombe cha chini cha kabureta. Ndani ya kikombe kuna boya, ambalo mafundi huliita floti. Kikombe kikijaa boya hupanda na kusukuma sindano inayofunga njia. Mafuta yakipungua boya hushuka na njia hufunguka.

Kutoka kwenye kikombe, mafuta hunyonywa na hewa kupitia matundu madogo sana yaitwayo jeti. Jeti ndogo hulisha injini ikiwa kwenye sailensi na mwanzo wa kuvuta mafuta. Jeti kubwa hufanya kazi injini inapodai nguvu. Upande wa pili hewa huingia kupitia ea klina. Injini ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa kuchoma vizuri kilo moja ya petroli. Hewa ikizidi au mafuta yakipungua, injini hukata. Mafuta yakizidi, injini hulowa, hutoa moshi mweusi na kuzimika.

Ukiuelewa mpangilio huo, tangi, kizibo, koki, mpira, kikombe, jeti, hewa, umeshaelewa pia utaratibu wa kutafuta tatizo. Unaanza juu na kushuka. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuanzia katikati, yaani kufungua kabureta kabla ya kuangalia kilicho juu yake.

Hakikisha kwanza si umeme

Kabla ya kuilaumu petroli, jiridhishe kwamba plagi inatoa cheche. Koili iliyochoka huweza kufanya kazi ikiwa baridi na kukataa ikipata moto, kisha ikafufuka baada ya kupumzika. Dalili hiyo inafanana kabisa na ya mafuta kutofika, na imewaponza wengi.

Kipimo kina maana kikifanyika mara tu pikipiki inapozimika, kabla haijapoa. Angalia kwanza swichi ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani, maana mara nyingine imeguswa na mkono au na mzigo. Kisha fungua plagi na uitazame. Plagi kavu baada ya kupiga kiki mara kadhaa ina maana mafuta hayafiki. Plagi iliyolowa petroli ina maana mafuta yanafika lakini hayachomwi, ama kwa sababu yamezidi ama kwa sababu hakuna cheche.

Ili kuona cheche, irudishe plagi kwenye kofia ya waya wake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu ilikotoka, ziba tundu kwa kitambaa, kisha piga kiki. Cheche ya bluu yenye nguvu inaonyesha umeme upo. Usifanye kipimo hiki palipomwagika petroli, na kifanye kabla ya kufungua kitu chochote cha mafuta.

Rangi ya plagi nayo inasema kitu. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi yenye masizi ni mafuta mengi au hewa kidogo. Nyeupe iliyokauka ni mafuta kidogo au hewa ya wizi.

Soma dalili kabla ya kushika spana

Namna pikipiki inavyozimika husaidia sana kujua pa kuanzia.

Ikiwa inawaka vizuri, inatembea kilomita moja au mbili, inakata kama iliyoishiwa, kisha inawaka tena baada ya dakika chache, shaka ya kwanza ni njia ya mafuta kuwa nyembamba: kizibo cha tangi, koki au mpira. Kikombe cha kabureta kinajaa pikipiki ikiwa imesimama, lakini ikitembea kinaishiwa haraka kuliko kinavyojazwa.

Ikiwa inakata unapopanda mlima na mzigo lakini tambarare inakwenda, tatizo linaweza kuwa hilo hilo. Mlimani injini hudai mafuta mengi, hivyo njia iliyoziba nusu hujulikana hapo kwanza. Jeti kubwa iliyoziba hutoa dalili hiyo pia.

Ikiwa haikai sailensi, inazimika kila unapoachia mafuta, lakini ukivuta inanguruma vizuri, angalia jeti ndogo.

Ikiwa inakwenda vizuri ukiwa umevuta choki tu, hata injini ikiwa moto, maana yake mafuta ni machache kuliko hewa. Choki inaficha ugonjwa. Tafuta jeti iliyoziba au mpira uliopasuka kati ya kabureta na injini.

Ikiwa petroli inadondoka chini kupitia mpira wa kumwagia ziada, plagi ni nyeusi na imelowa, basi sindano ya boya haifungi.

Ikiwa inashtukashtuka bila mpangilio, hasa baada ya mvua au baada ya kujaza mafuta mahali papya, fikiria maji.

Kizibo na koki

Anza na kizibo cha tangi. Kizibo kina tundu dogo la kuingizia hewa. Kila tone la petroli linaloshuka lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa. Vumbi la barabara za Mugumu wakati wa kiangazi, likichanganyika na matone ya petroli, hugeuka tope linaloziba tundu hilo, na mafuta yanagoma kushuka. Kipimo chake hakigharimu chochote: pikipiki ikizimika, fungua kizibo. Ukisikia sauti ya hewa ikivutwa ndani, na pikipiki ikawaka na kwenda vizuri, umepata jibu. Osha kizibo kwa petroli, zibua tundu na upulize. Usiendeshe na kizibo kilichofungwa nusu, na usifunike tangi kwa kitambaa kilichobana kizibo.

Pili ni koki. Chomoa mpira wa mafuta pale unapoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa safi inayoonyesha, kisha fungua koki. Petroli inatakiwa itoke mfululizo. Ikidondoka tone moja moja, au ikianza vizuri halafu ikapungua, kuna kizuizi juu. Rudia kipimo kizibo cha tangi kikiwa wazi. Ikitiririka, kosa ni kizibo. Ikiendelea kudondoka, kosa ni chujio la ndani ya koki au mpira. Baadhi ya pikipiki zina koki inayofunguliwa na mvuto wa injini, na hizo hazimwagi mafuta injini ikiwa imezimwa, hivyo fahamu aina ya koki yako kabla ya kutoa hukumu.

Mpira wa mafuta uangaliwe kama umejikunja, umegusa injini ukalainika, au umekuwa mgumu na kupasuka. Ukiweka chujio la nje liwe dogo, liwe wima au limeinama kufuata mteremko, na mshale wake uelekee kabureta. Chujio kubwa la gari kwenye mfumo usio na pampu linaweza lenyewe kuwa kizuizi.

Hapa kuna mazoea yanayostahili kusemwa wazi. Waendeshaji wengi hununua petroli kidogo kidogo kulingana na mfuko, na matokeo yake pikipiki inatembea kwenye rizevu wiki nzima. Mdomo wa rizevu huvuta mafuta ya chini kabisa ya tangi, na huko chini ndiko kunakokaa kutu, mchanga na maji. Aidha, tangi lililo karibu tupu lina nafasi kubwa ya hewa, na usiku wa baridi wa nyanda za juu unyevu wa hewa hiyo hugeuka matone kwenye kuta za bati. Kwa jinsi hiyo tangi linajitengenezea kutu. Kulaza pikipiki na tangi lenye mafuta ya kutosha, pale mfuko unaporuhusu, ni kinga.

Tangi pia lina mgongo katikati, unaopita juu ya fremu. Mafuta yakibaki kidogo, upande wenye koki huweza kuisha wakati upande wa pili una akiba. Ukiishiwa njiani, inamisha pikipiki kwa upande wa koki ili mafuta ya ng'ambo yavuke mgongo. Kilomita hizo mbili tatu zinaweza kukufikisha kituoni.

Maji chini ya kikombe

Tatu ni kikombe cha kabureta. Chini yake kuna skrubu ya kumwagia. Zima injini, subiri ekzosi ipoe, kinga chupa nyeupe safi na ulegeze skrubu. Kuna majibu matatu.

Kisipotoka kitu wakati koki iko wazi na mpira unatiririka, sindano ya boya imekwama juu. Kugonga kikombe taratibu kwa mpini wa bisibisi mara nyingine huiachia, lakini hiyo ni huduma ya kwanza tu.

Yakitoka mafuta yenye tabaka mbili, una maji. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo baada ya dakika kama 5 maji hukaa chini ya chupa na mpaka kati yake unaonekana. Matone machache tu yanatosha kuziba jeti, kwa kuwa jeti hunyonya chini kabisa. Endelea kumwaga hadi itoke petroli tupu. Maji yakirudi kesho, yako kwenye tangi, na tangi lote limwagwe na kusafishwa.

Yakitoka mafuta safi na ya kutosha, njia ya juu ni nzima. Sasa ndipo una sababu ya kufungua kabureta.

Kufungua kabureta bila kuiharibu

Tandika kitambaa cheupe, fungua kikombe, na upange kila kitu kwa mpangilio kilivyotoka. Kabla ya kugusa skrubu ya kurekebisha mchanganyiko, ikaze taratibu huku ukihesabu mizunguko hadi igote kidogo, uandike namba, ndipo uitoe. Bila namba hiyo utarudisha kwa kubahatisha, na pikipiki iliyokuwa inakunywa vizuri itaanza kunywa kama lori.

Toa jeti zote mbili uzielekeze kwenye mwanga. Lazima uone tundu la duara lililo wazi. Ziloweke kwenye petroli safi na uzipulize. Pampu ya baiskeli inatosha kabisa kwa kazi hiyo. Usizibue jeti kwa waya wa chuma au pini, kwa kuwa shaba ya jeti ni laini. Tundu likipanuka, hata kwa kiasi usichokiona kwa macho, mafuta huzidi daima, na gharama yake utailipa kwenye kituo cha mafuta kila siku.

Tazama ncha ya sindano ya boya. Ikiwa na mchirizi wa duara iliyokwaruzika, ibadilishwe. Boya litikisike karibu na sikio. Likisikika na petroli ndani limetoboka, halitapanda, na kabureta itamwaga. Ukirudisha, hakikisha mpira wa kikombe umekaa kwenye mfereji wake.

Pikipiki iliyosimama miezi mingi ina ugonjwa wake. Petroli ikikaa kwenye kikombe huvukiza sehemu zake nyepesi na kuacha gundi inayoziba jeti. Zinazoathirika sana ni pikipiki za ofisi na za miradi, ambazo fungu la mafuta likiisha huegeshwa stoo hadi mwaka mpya wa fedha. Kabla ya kuegesha kwa zaidi ya wiki chache, funga koki na uache injini iwake hadi izimike yenyewe, kikombe kibaki kikavu.

Upande wa hewa na kisingizio cha mlima

Ea klina iliyojaa vumbi hufanya mafuta yazidi hewa, na pikipiki inazimika huku ikitoa moshi mweusi. Ya sponji ifuliwe kwa sabuni, ikaushwe vizuri na kupakwa oili kidogo. Ya karatasi ikung'utwe, na ikichoka inunuliwe mpya. Kuiondoa kabisa, kama wengine wafanyavyo ili pikipiki ipumue, ni kuingiza vumbi kwenye pistoni. Utapata nafuu ya wiki moja na kununua pete za pistoni kabla ya wakati.

Mpira unaounganisha kabureta na injini nao hupasuka kwa joto na mtikisiko. Injini ikiwa kwenye sailensi, paka maji ya sabuni kwenye maungio. Mlio ukibadilika au povu likivutwa ndani, hewa ya wizi inaingia hapo. Usitumie petroli kwa kipimo hiki karibu na ekzosi ya moto.

Wapo wanaosema pikipiki za Tarime huzimika kwa sababu ya mwinuko. Kuna ukweli kidogo hapo. Tarime mjini ni takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya mwinuko huo ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya pwani. Pikipiki iliyorekebishwa Dar es Salaam inaweza kuwa na mafuta mengi kidogo huku, ikakosa nguvu na kuchafua plagi. Hata hivyo, mwinuko haubadiliki kati ya Jumatatu na Jumanne. Pikipiki iliyokuwa nzima jana na leo inazimika haijaugua mlima.

Pikipiki mpya zisizo na kabureta, zinazopulizia mafuta kwa pampu na kompyuta ndogo, zinadai utaratibu mwingine. Hizo hutegemea betri nzuri. Ukifungua swichi sikiliza mlio mfupi wa pampu tangini. Usipousikia, anza na fyuzi na betri, kisha mpeleke fundi mwenye kifaa cha kuisoma.

Mafuta ya chupa

Sehemu ya tatizo haiko kwenye pikipiki. Vijiji vingi viko mbali na kituo, hivyo petroli huuzwa kwenye chupa na madumu kando ya njia. Chupa iliyosuuzwa kwa maji bila kukaushwa, au dumu lililokuwa na mafuta ya taa, linatosha kuleta adha yote iliyoelezwa hapo juu. Mafuta ya taa hayachomeki vizuri kwenye injini ya petroli: pikipiki inakuwa ngumu kuwaka, inakosa nguvu na plagi inajaa masizi.

Ni kweli Serikali imechukua hatua. Mwaka 2010 EWURA ilianza mpango wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kubaini yaliyochakachuliwa au kukwepa kodi. Katika bajeti ya mwaka 2011/12 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka Sh52 hadi Sh400.30 kwa lita, ili faida ya kuyachanganya ipungue. Kiuchumi hiyo ilikuwa hatua yenye mantiki, kwani uchakachuaji hustawi pale bei mbili zinapoachana sana. Lakini vinasaba havifiki kwenye chupa ya kando ya barabara, na bei kikomo inayotangazwa kila mwezi haimlindi anayenunua kilomita 30 kutoka kituoni.

Kwa sasa mnunuzi ajilinde. Nunua kituoni kila unapopita. Ukilazimika kununua ya chupa, iache isimame dakika chache na uangalie chini kama kuna tabaka la maji au mchanga. Mimina kupitia kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na uache kijiko cha mwisho kwenye chupa. Kamwe usinyonye petroli kwa mdomo ukitumia mpira, maana ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua. Tumia mwanga wa tochi, si wa kiberiti. Na petroli chafu usiimwage karibu na chemchemi au kisima.

Nani alipie filta?

Tukirudi kwenye uchumi, swali gumu ni hili. Chini ya utaratibu wa mkataba, mwendeshaji hupeleka hesabu kila siku au kila wiki, na baada ya muda waliokubaliana pikipiki inakuwa yake. Miezi ya mwanzo anaiona ni mali ya mwingine. Mwenye mali naye anaangalia hesabu tu. Kati yao hakuna anayejisikia mwenye filta, na gharama inasukumwa kwa mwenye maziwa.

Dawa yake ni kuandika matunzo kwenye mkataba wenyewe. Kutenga Sh500 kwa siku ni Sh15,000 kwa mwezi, kiasi ambacho katika mfano wetu ni chini ya theluthi moja ya hasara ya mzigo mmoja wa maziwa. Fedha hiyo iwe ya kusafisha koki na kikombe, chujio la mafuta, ea klina na plagi. Kila wiki mwaga kikombe kwenye chupa na uangalie. Kila mwezi safisha kizibo, koki na ea klina. Mwanzo wa masika na mwanzo wa kiangazi safisha tangi lote.

Vikundi vya wafugaji na vyama vya ushirika navyo vina nafasi. Kikundi kinachomlipa mwendeshaji mmoja kubeba maziwa ya kaya 20 kina haki ya kuuliza mara ya mwisho koki ilifunguliwa lini, kama kinavyouliza usafi wa kopo la maziwa. Kinaweza pia kuweka akiba ya vitu vidogo, plagi moja, mita moja ya mpira wa mafuta na filta mbili, ambavyo kwa ukubwa havijazi hata kisanduku cha viatu. Halmashauri zinazomiliki pikipiki za ugani zikumbuke kwamba pikipiki isiyo na fungu la matunzo ni pambo la stoo, na mkulima aliyesubiri ushauri wa viwavijeshi hatashibishwa na picha ya siku ya kukabidhiana funguo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mvua zikianza, barabara za vijiji vya ndani zitateleza na gari zitagoma kushuka huko. Mazao yatakuwa mikononi mwa pikipiki. Ni vyema yule anayeibeba mikungu ya ndizi kesho asubuhi aanze leo jioni, kwa chupa moja nyeupe na bisibisi, kuona kilicho chini ya kikombe chake.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi kilimo.